Kompyuta ya bodi inayosahau usiku: uchambuzi wa kisa cha pikapu, Dodoma

Pikapu ya dizeli ya milango minne, gari la kazi la mkandarasi wa visima anayezunguka Kongwa, Mpwapwa na Chamwino, ililetwa kwenye gereji ya Kizota ikiwa na magonjwa madogomadogo mengi kwa pamoja. Asubuhi nyingine indiketa hupiga harakaharaka kana kwamba balbu imeungua, na balbu zote ni nzima. Kioo cha dereva hakipandi kwa mguso mmoja. Wipa zimebaki na kasi mbili. Ile ya kupiga na kupumzika imepotea. Rimoti inafunga milango kwa kubembelezwa. Injini inawaka vizuri, gia hazina neno, taa ya ABS haipo. Mwenye gari alisisitiza jambo moja: mambo huharibika gari likiwa limelala. Jioni analizima likiwa zima, asubuhi analikuta limesahau.

Lilikuwa limeshapimwa kwingine. Misimbo ya hitilafu ilifutwa, gari likatengemaa kwa muda, likarudia. Shauri alilopewa ni kununua Dar es Salaam kompyuta ya bodi ya mtumba, ile inayosimamia taa, wipa, vioo na loki, ambayo mafundi huiita BCM, na kuifunga. Kwa gari hili shauri hilo lingekula hela na kuacha ugonjwa palepale.

Misimbo ilivyosomeka

Kabla ya kufuta chochote, kompyuta zote za gari zilisomwa na ripoti ikahifadhiwa. Fundi anayefuta kwanza ndipo asome anajinyima nusu ya ushahidi, kwa sababu kufuta msimbo hufuta pia picha ya hali iliyokuwepo ulipojiandika: kilometa, volti, swichi imewashwa au imezimwa.

Kwenye kompyuta ya bodi kulikuwa na misimbo miwili: U3000 wenye mkia 44, na U3003 wenye mkia 16. U3000 peke yake haisemi mengi. Ni kompyuta inajilalamikia yenyewe. Habari iko kwenye mkia. Mkia 41 ni cheksamu (jumla ya kuhakiki data) isiyolingana, 44 ni kumbukumbu ya data, 45 ni kumbukumbu ya programu, 46 ni kumbukumbu ya vigezo vya kalibresheni. Kati ya 44 na 45 kuna umbali mkubwa. Ukikuta 45, programu yenyewe ina kasoro, na unafikiria kuipakia upya au kubadilisha kompyuta. Ukikuta 44, programu inafanya kazi. Kilichoharibika ni taarifa inazoziweka pembeni: gari lina vifaa gani, kioo kinaishia wapi, taa za aina gani zimefungwa. Skana nyingi za bei nafuu huonyesha U3000 bila mkia, na hapo ndipo hukumu ya "BCM imekufa" huzaliwa.

U3003 yenye mkia 16 ni volti ya betri iliyoshuka chini ya kiwango. Msimbo huu ulikuwepo hata kwenye ripoti za awali ambazo mwenye gari alizipiga picha kwa simu, lakini haukushughulikiwa kwa kuwa betri ikipimwa inasoma 12.6. Picha za hali ndizo zilizofungua kesi. Misimbo yote miwili ilikuwa na kilometa ileile. Volti iliyorekodiwa ilikuwa 6.4. Swichi: imezimwa.

Hilo la mwisho lina uzito. Volti ikishuka wakati wa kustati, unailaumu betri au stata. Hapa stata haikuwa kazini. Gari limezimwa, halafu kitu fulani kimevuta umeme mwingi kiasi cha kuiangusha kompyuta hadi volti 6 na kidogo. Kwenye gari lililozimwa, mvutaji wa namna hiyo kwa kawaida ni mmoja: mota za sentro loki.

Umeme kabla ya chipu

Mtandao wa CAN, waya ambazo kompyuta za gari huzungumzia, ulipimwa haraka, betri ikiwa imefunguliwa: om 60 kati ya pini 6 na 14 za soketi ya OBD, ile ya kuchomekea skana. Uko sawa. Betri ilikuwa volti 12.6 ikiwa imetulia, na wakati wa kustati ilishuka hadi 10.1. Si betri changa, lakini haiwezi kueleza 6.4 swichi ikiwa imezimwa.

Kilichofuata ni kipimo cha volti inayopotea njiani. Ncha moja ya mita iliwekwa kwenye kichwa chanya cha betri, ya pili kwenye pini ya kompyuta inayoleta umeme wa kudumu, kwa nyuma ya plagi, plagi ikiwa imechomekwa. Kompyuta ikiwa macho bila kazi, mita ilisoma volti 0.06. Mtu angeridhika na kuondoka. Tatizo ni kwamba wakati huo kompyuta inavuta kama ampea 0.08 tu, na mkondo mdogo hauwezi kuufichua waya mbovu. Milango ilipofungwa kwa rimoti, mita ilitikisika kidogo na kurudi. Mita ya kawaida husoma mara mbili tatu kwa sekunde, na loki husukuma kwa takriban robo sekunde. Mita hiyo haiwezi kuona kinachotokea.

Osiloskopu, kifaa kinachochora volti inavyopanda na kushuka, iliona. Iliwekwa volti 5 kwa mraba na milisekunde 100 kwa mraba, ikaambiwa ikamate wimbi linapoporomoka chini ya volti 10. Kila loki zilipofungwa, umeme kwenye pini ya kompyuta ulianguka kutoka 12.4 hadi 5.6. Wakati huohuo, kwenye kichwa cha betri haukushuka chini ya 12. Klampu ya ampea ilionyesha mkondo wa ampea 9. Volti 6.8 zimepotea njiani kwa mkondo wa ampea 9: hiyo ni karibu om 0.75 kwenye waya ambao ukiwa mzima huwa na sehemu ndogo sana ya om moja. Upande wa hasi ulipimwa vilevile na kupoteza volti 0.08, kwa hiyo boliti ya hasi iliachwa kama ilivyo.

Gereji isiyo na osiloskopu inaweza kuupata ugonjwa huu kwa balbu ya H4 ya wati 55. Chomoa plagi ya kompyuta, unga balbu kati ya pini ya umeme wa kudumu na hasi safi, kisha pima volti kati ya kichwa chanya cha betri na pini hiyo balbu ikiwa inawaka. Waya mzima utapoteza sehemu ndogo ya volti. Waya wa gari hili ulipoteza karibu volti 3, na balbu iliwaka kwa unyonge unaoonekana kwa macho. Angalia tu kwamba ncha ya kugusia inaingia kwenye pini bila kuipanua, la sivyo utajitengenezea ugonjwa mwingine.

Kuutafuta ubovu wa waya kulikuwa kazi fupi. Kwenye sehemu ya kutokea ya boksi la fyuzi la injini umeme ulikuwa mzima hata loki zikisukuma. Kwenye kompyuta haukuwa. Katikati, nyuma ya paneli ya miguu ya abiria, palifungwa traka, kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Aliyeifunga aliukata waya mnene unaolisha kompyuta, kabla haujagawanyika kwenda kwenye saketi za kompyuta yenyewe na kwenye mota za loki, akasokota ncha tatu pamoja, ya tatu ikiwa ya traka, akazungushia tepu. Joto la Dodoma lililainisha gundi ya tepu, vumbi la barabara za vijijini likaingia, mvua za Desemba hadi Aprili zikaongeza unyevu. Shaba ilikuwa nyeusi, na msokoto ukivutwa kwa vidole unacheza.

Kwa nini kiungo kibovu huandika msimbo wa kumbukumbu

Ndani ya kompyuta hii mna kidhibiti kikuu chenye programu, na pembeni yake chipu ndogo ya miguu minane, EEPROM ya aina ya 95160, yenye nafasi ya baiti 2,048. Chipu hiyo ndiyo daftari. Huandikwa kwa kurasa za baiti 32, na ukurasa mmoja huchukua hadi milisekunde 5 kukamilika. Katika muda huo chipu kwanza hufuta baiti husika ziwe FF (biti zote zikiwa 1), kisha huweka thamani mpya. Umeme ukikatika baada ya kufuta na kabla ya kuweka, FF ndizo zinazobaki.

Sasa tazama dereva anavyofanya. Anazima gari, anatoka, anafunga mlango, anabonyeza rimoti. Kwa kompyuta ya bodi, muda uleule ndio wa kuhifadhi mambo ya siku kabla ya kulala. Mota zinavuta, kiungo kinabana, volti inaporomoka hadi 5.6, regyuleta ya volti 5 inaishiwa pumzi, kidhibiti kinajianzisha upya, ukurasa unabaki nusu. Kidhibiti kikianguka huachia rilei ya loki, kwa hiyo umeme hurudi mara moja na kompyuta huamka. Inakuta ukurasa mbovu, inachukua nakala ya pili na kuanza kurekebisha. Dereva, aliyeona loki imesukuma kivivu, anabonyeza tena. Umeme unaanguka mara ya pili, safari hii juu ya marekebisho.

Hapo ndipo tofauti ya asubuhi na asubuhi inapoeleweka. Ukurasa mmoja ukiharibika, nakala huokoa na kinachobaki ni msimbo tu. Nakala zote mbili zikiguswa, kompyuta hurudi kwenye thamani za msingi: haijui tena ni balbu za aina gani zimefungwa, kwa hiyo inaona mzigo usioutarajia na kuharakisha indiketa, imesahau mwisho wa kioo, kwa hiyo inakataa mguso mmoja.

Kiungo kilitengenezwa kwanza. Sehemu nyeusi ilikatwa hadi kwenye shaba inayong'aa, kikawekwa kipande cha waya wa milimita za mraba 4, viunganishi vya kubana kwa koleo lake, na mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Traka ilipewa umeme wake kutoka nafasi ya ziada ya boksi la fyuzi, kwa fyuzi ya ampea 3. Loki zikapimwa upya: mkondo sasa unafika ampea 19, na volti inayopotea ni 0.3. Mwenye gari alishangaa milango inafunga kwa kishindo.

Kwa visa vingi vya namna hii kazi ingeishia hapo, pamoja na kuandika upya mpangilio wa gari kwa skana. Hapa haikutosha. Mpangilio ulikubali kuandikwa, lakini kila baada ya kompyuta kulala na kuamka, U3000-44 ilirudi huku U3003 ikiwa kimya. Maana yake kulikuwa na ukurasa wa ndani, usiofikiwa na skana, uliokuwa bado mbovu.

Kusoma chipu

Kisanduku cha kompyuta kilifunguliwa na chipu ikajaribiwa kusomwa kwanza kwa klipu ikiwa bado kwenye bodi ya saketi. Kila usomaji ulitoa faili tofauti na mwenzake. Watu wengi huhukumu chipu hapa, na huihukumu bure. Klipu inapoipa chipu volti 5, umeme huo hupita kwenye njia ya bodi na kukiamsha kidhibiti kikuu, nacho huanza kuzungumza kwenye waya zilezile ambazo programa, kifaa cha kusoma na kuandika chipu, inazitumia. Unachosoma ni mazungumzo ya watu wawili kwa pamoja. Dawa ni kukishikilia kidhibiti kwenye riseti, kuinua mguu wa 8 wa chipu, au kuitoa kabisa.

Ilitolewa. Rangi ya kinga ilikwanguliwa kuzunguka miguu, fluksi ikawekwa, plagi za plastiki za jirani zikafunikwa kwa tepu ya kuhimili joto, na hewa moto ya nyuzi 350 ikaelekezwa kwa bomba jembamba mpaka risasi ikalegea yenyewe. Usiinue chipu kwa nguvu. Njia za shaba chini ya miguu hubanduka kabla ya risasi kuyeyuka. Alama ya mguu wa 1 ipigwe picha kabla ya kutoa.

Nje ya bodi, kwa volti 5, faili zilizosomwa mfululizo zilifanana baiti kwa baiti. Hiyo tayari ni dalili njema. Baada ya kuhifadhi nakala mahali pawili, chipu iliandikwa 00 tupu, FF, 55 na AA kwa zamu, kila mara ikisomwa na kulinganishwa, kwa volti 4.5 na kwa 5.5. Ikarudiwa ikiwa imepashwa hadi karibu nyuzi 70, joto ambalo dashibodi ya gari lililoanikwa juani inaweza kulikaribia. Ikaachwa usiku bila umeme na kusomwa asubuhi. Hakuna biti iliyogoma.

Chipu iliyochoka hujulikana kwa mengine: anwani ileile hugoma kila mara, biti hukwama kwenye 0 au 1, au data huandikika vizuri na kupotea ikikaa bila umeme. Ukiona baiti mbovu zimepangana ndani ya mipaka ya ukurasa mmoja, na zimejaa FF, shuku uandishi uliokatizwa. Hesabu pia inasaidia. EEPROM za aina hii kwa kawaida hudhaminiwa kuandikwa mara 1,000,000. Gari likizimwa mara 20 kwa siku, ukurasa mmoja huandikwa mara 7,300 kwa mwaka, kwa hiyo gari litaoza kabla ya chipu. Isipokuwa kompyuta imenaswa kwenye mzunguko wa kujianzisha upya na kuandika kila sekunde: hapo ni mara 86,400 kwa siku, na milioni huisha kwa chini ya wiki mbili. Kiungo kibovu kikiachwa muda mrefu kinaweza basi kuiua chipu kweli, na hapo aliyesema "kumbukumbu imekufa" atakuwa amepatia kwa kuchelewa.

Kurasa zilizovunjika

Faili ya awali ilipofunguliwa kwa kihariri cha heksadesimali, muundo ulionekana: kurasa za baiti 32, kila moja ikiwa na nakala yake upande wa pili wa chipu. Ukurasa mmoja ulikuwa FF mwanzo hadi mwisho. Nakala yake ilikuwa na baiti 30 za mwanzo zenye data, na mbili za mwisho FF FF. Kurasa nzima zilionyesha mbili za mwisho ni za cheksamu: jumla ya baiti 30 zilizotangulia, ikibakizwa kwenye biti 16. Kanuni hiyo ilijaribiwa kwenye kurasa zote nzima na ikalingana kila mahali. Ingegoma hata kwenye mmoja, isingetumika. Basi data haikupotea. Umeme ulikuwa umekatika kati ya kuandika data na kuandika cheksamu. Cheksamu ilikokotolewa na kuwekwa, na ukurasa ukanakiliwa kwenye nafasi ya ule uliofutika.

Kumwaga faili nzima ya gari jingine la aina ileile kungeonekana njia ya mkato. Faili hiyo huja na VIN (namba ya utambulisho wa gari), kilometa na funguo za gari la watu, na immobilaiza, kizuizi cha wizi, ingekataa injini kuwaka. BCM ya mtumba ina mzigo huohuo. Baiti za kilometa na za funguo kwenye faili hii zilikuwa nzima, na hazikuguswa.

Chipu ya awali ndiyo iliyorudishwa. Mpya ni ya bei ndogo, lakini sokoni zimo zilizofutwa maandishi na kupigwa upya. Iliyokwisha kufaulu majaribio ni ya kuaminika kuliko isiyojulikana ilikotoka. Baada ya kulehemu, fluksi ilisafishwa kwa spiriti ya aisopropili, na rangi ya kinga ikarudishwa juu ya miguu.

Mpangilio wa gari uliandikwa tena kwa skana kwa kutumia data za kiwandani za VIN yake, gari likisaidiwa na chaja tulivu ya volti 13.5. Betri ya pili ya volti 12 iliungwa sambamba, kwa sababu umeme wa mtaani ukikatika katikati ya uandishi, chaja huzima na unarudi pale ulipoanzia. Betri za Fuso zilizoungwa volti 24 zisikaribie kazi hii. Mwisho wa kioo ulifundishwa upya: kishushe chote, kipandishe chote, shikilia swichi sekunde chache kikiwa juu.

Loki zilifungwa na kufunguliwa mfululizo mara tu baada ya kuzima swichi, osiloskopu ikiwa imeungwa, na volti kwenye kompyuta haikushuka chini ya 11.8. Gari likaachwa hadi likalala. Mkondo ukatulia kwenye miliampea 28, traka ikiwemo. Lilipoamshwa, U3000 haikuwepo.

Kilichobaki ni betri. Mwenye gari ameamua kuitumia kwanza. Ikianza kushuka chini ya volti 9.6 wakati wa kustati ibadilishwe, na hadi hapo asibonyeze rimoti mara mbilimbili kwa mazoea. Milango sasa inafunga kwa mara moja.